Muhuri wa Boshi

Eti boshi. Herufi tano, basi. Ndizo zilizogongwa kwa wino wa samawati kwenye kiganja cha Mize binti Vuai, fundi mwashi, asubuhi ile ambayo wengine waliiita Jumanne na wengine Ijumaa, kwa sababu katika mji ule siku haikuwa na jina mpaka Msikilizaji Mkuu aamke na kuitaja, na siku ile alikuwa ameanza kazi bila kutaja lolote. Mihuri miwili ya zamani ilikuwa imeshakolea kwenye ngozi. Huu wa tatu ulikuwa bado mbichi. Na mtu mwenye mihuri mitatu, kwa desturi ya mji, maneno yake hayahesabiwi tena kuwa maneno. Akisema, watu humwacha aseme jinsi wanavyomwacha jogoo awike, kisha wanaendelea na mazungumzo yao.

Na kosa lake nini? Alisema ukuta ni mtupu ndani. Hilo tu. Ukuta wenyewe ni ule wa mashariki, unaozuia maji ya ziwa yasishuke Bondeni, na Bondeni ndiko walikojazana watu wote wasio na ndugu juu, kwa wakubwa wa mji. Mize alikuwa akiupaka chokaa, kazi aliyorithi kwa baba yake, akaugonga kwa mpini wa nyundo kama mwashi yeyote anavyogonga anachokipaka, na ukuta ukamjibu. Mwashi hahitaji kuambiwa mara mbili. Ukuta ulioshiba hujibu kwa kifupi, tena kwa ukali. Ule ulijibu kwa sauti ndefu iliyotembea ndani kwa ndani, ikachelewa kurudi.

Alipokwenda Ngazini, penye baraza la mji, kusema mara ya kwanza alikuwa msichana wa nywele za kusuka, na ufa ulikuwa mwembamba kama uzi. Mara ya pili mikono yake ilikuwa na hina ya harusi, na ufa ulikuwa unaingia ukucha. Mara ya tatu ana mvi, na ufa unaingia kidole kizima, ukikitoa kimelowa. Lakini foleni ilikuwa ni ileile. Hakumbuki hata siku moja kuondoka kwenye foleni ile kwenda kuolewa, wala kurudi. Alikuwa na miaka kumi na minane, akageuka nyuma kumwomba mtu asimsukume, alipotazama mbele tena alikuwa na hamsini. Ndivyo mji ule unavyokula watu wake, taratibu, huku ukiwaambia wasogee kidogo.

Sasa, angeweza kunyamaza. Wengi wangenyamaza. Lakini nyumba ya mwisho ya Bondeni, ile iliyoegemea ukuta kabisa kiasi kwamba ukuta ndio ubavu wake wa nne, ilikuwa ya mama yake, Bi Raya. Miguu ya Bi Raya ilikuwa imekufa ganzi, na kichwa cha kitanda chake kiliugusa ukuta. Mize alimwomba akubali kuhamishwa, akamwomba tena, akalia. Bi Raya alikataa. Alisema atahama siku Ngazini watakaposema ukuta ni mbovu, si kabla. Siku moja Mize akashindwa kuvumilia, akachukua nyundo agonge palepale kitandani ili mama asikie mwenyewe, na Bi Raya, mjane wa mwashi, mwanamke aliyepikia waashi miaka arobaini na kuijua sauti ya kila tofali, akajifunika mto masikioni. Alimwambia mwanawe asimletee boshi zake ndani ya nyumba. Mama mzazi! Mize alikumbuka neno lile lilivyotoka katika kinywa kilichomfundisha kusema maji na moto, akaona kuwa muhuri wa kwenye kiganja si kitu. Muhuri wenyewe ulipigwa pale.

*

Ngazini paliitwa Ngazini kwa sababu baraza lote lilikuwa ngazi. Msemaji alisimama chini kabisa, Msikilizaji Mkuu alikaa juu kabisa, na kati yao vidato tisini, ili sauti ya mtu ifike imechoka. Kabla ya kila kikao watumishi walimwosha Msikilizaji masikio kwa marashi. Alikuwa na masikio safi kuliko mtu yeyote mjini, na watu walijivunia hilo.

Na hilo neno lake la kuyatupa maneno ya watu, boshi, halikuwa hata neno la heshima. Hapo ndipo ilipokuwa hasira ya Mize. Watu wa Ngazini walikuja zamani na lugha yao, na lugha hiyo ilikuwa na maneno ya sheria, maneno ya dini, maneno ya kuzikia. Boshi haikuwemo humo. Boshi ilikuwa neno la mezani, la mtu aliyekwisha vua viatu, aliyeshika kikombe cha chai, anayemkatiza shemeji yake kwa mzaha. Hawakujisumbua kumkatalia mtu wa Bondeni kwa neno lililovaa nguo. Walimtupia lile la nyumbani, lililobaki kwenye kisahani, na kwa lile lililobaki kwenye kisahani wakachonga muhuri.

Nani alimpa mtu mamlaka ya kusema kitu hakipo? Mize alijiuliza. Kusema kitu kipo ni kazi, unapaswa kukionyesha. Ukuta upo, huu hapa, uguse. Ufa upo, tia kidole. Lakini kusema hakipo... Unafumba macho tu. Unasema herufi tano. Na kilichokuwepo kinaanza kuona haya, kinajikunyata. Mimi nipo? Nina uzito? Nikigongwa nitajibuje? Nimesema mara tatu. Mara tatu nimekuwa jogoo.

Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kubishana kuhusu asili ya neno, maana watu wa foleni hubishana kwa lolote. Bwana mmoja mwenye kikapu alishikilia kuwa Boshi alikuwa mpishi mlevi wa Msikilizaji wa kwanza, aliyekuwa akisimulia ndoto zake wakati wali unaungua. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akasema hapana, ni mlio wa boga likidondoka. Mwingine akaapa kwamba lilikuwa jina la mbwa. Walicheka, wakasukumana, wakaitana maboshi. Hawakuona ajabu kwamba neno lililowafunga midomo wao na baba zao hakuna aliyejua lilikotoka. Walilitumia kwa chai iliyopoa, kwa mvua ndogo, kwa watoto wao. Huo ndio uliokuwa msiba, kwamba hakuna aliyewalazimisha.

Juu ya mlango wa Ngazini palikuwa na maandishi ya zamani, yamefutika nusu, yasemayo kuwa aliyepigwa muhuri ana haki ya kuuliza maana yake maadamu wino haujakauka. Hakuna aliyewahi kuitumia haki hiyo, kwa kuwa wino ulikauka kabla mtu hajafika kidato cha tano. Ngazini ni wakarimu wa haki za namna hiyo. Lakini Mize alikuwa mwashi, na mwashi anajua namna ya kuzuia kitu kisikauke haraka. Lipu mpya hufunikwa gunia bichi ili jua lisiipasue. Alitoa kipande cha gunia mfukoni, akakilowesha kwenye ndoo yake, akakizungushia kiganja, akapanda.

Alipanda vidato vyote tisini. Walinzi hawakumzuia, kwa vile hapakuwa na amri ya kumzuia mtu anayepanda, hakuna aliyewahi kufikiria kuwa ingehitajika. Msikilizaji Mkuu alikuwa mtu mdogo kuliko alivyoonekana kutoka chini, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa. Mize akafungua gunia, akamwonyesha wino mbichi, akauliza boshi maana yake nini.

Msikilizaji akamtazama karani wake, Bwana Shaame. Bwana Shaame akatazama viatu vyake. Swali likashuka kidato kwa kidato hadi chini, na foleni nzima ikaacha kubishana. Mwisho Msikilizaji akasema kwamba maana ipo, bila shaka ipo, imehifadhiwa kwenye Nyumba ya Maneno, na karani ampeleke akaione.

*

Katika Nyumba ya Maneno kila neno lilikuwa na droo yake. Bwana Shaame alitembea mbele akiwa na kibiriti na rundo la funguo, mtu mpole, mwenye mabega ya kuinama, aliyeugonga muhuri ule maelfu ya mara na kila mara akasema samahani kwa sauti ndogo. Walipita droo ya njaa, iliyofunguka yenyewe. Walipita droo ya kesho, ambayo ilikuwa imevutwa hata kishikio kimeng'oka. Mize aliona kwamba kadiri wanavyokwenda ndani mikono yake inarudi kuwa laini, halafu inakomaa upya, halafu inakuwa ya mwanamume mwenye vidole vifupi, halafu yake tena. Hakuogopa. Aliendelea kulilowesha gunia lake.

Droo ya boshi ilikuwa ya chini kabisa. Bwana Shaame akaivuta, na ndani hamkuwa na kitu. Akashusha pumzi ya mtu aliyeokoka. Alimweleza Mize, kwa upole wake ule, kuwa basi ndiyo hivyo, ni upuuzi tu, hata droo yake haina kitu, na ajitahidi asiumie moyo.

Mize akachutama mbele ya droo. Alifanya alichokuwa akifanya mbele ya kila kitu kilichofungwa, mlango, jiwe la kaburi, mkate. Aligonga. Aligonga ubao wa chini wa droo kwa mpini wa nyundo, na ubao ukajibu kwa ile sauti ndefu. Akaingiza ncha ya mwiko pembeni, akabinya, ubao ukanyanyuka, na chini yake palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa taarifa ya kazi. Bwana Shaame aliisoma kwa sauti, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wa lugha ya kale ya Ngazini na yeye aliijua kidogo, na kila alipokwama aligeuza nyuma ya karatasi, ambako fundi aliyeandika, mgeni aliyekuja na watu wa Ngazini kujenga ukuta wao, alikuwa amewaandikia wasaidizi wake wa Bondeni maneno kwa safu mbili, yake upande huu na yao upande ule. Tofali. Maji. Kamba. Chokaa. Fundi yule alitaka kuelewana na watu aliofanya nao kazi, ndiyo maana alihangaika kuandika. Taarifa ilisema hivi: nimegonga ukuta wa mashariki mahali kumi na saba. Kote boshi. Msimamizi ameamuru ujazwe makapi ya mpunga ili sherehe isichelewe. Naomba ubomolewe kabla ya masika.

Bwana Shaame akageuza karatasi kutafuta neno lile kwenye safu. Kidole chake kilishuka, kikasimama. Hakutaka kusoma, Mize akamwambia asome.

"Boshi," akasema karani. "Tupu. Isiyo na kitu ndani."

Pembeni mwa taarifa palikuwa na mstari mwingine, wa mkono mwingine, wa mtu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za Msikilizaji wa enzi hizo. Bwana Shaame aliusoma huo nao. Msikilizaji amesoma, amelirudia neno la fundi mara mbili kwa kulifurahia, amecheka. Waliokuwepo wakacheka. Chai ikaendelea.

Basi ndio hao wazazi wa neno. Si mpishi, si boga, si mbwa. Palikuwa na mtu aliyegonga, akasema kweli kwa neno la kazi yake, neno safi lenye uzito, na wenye vikombe wakalichukua mdomoni mwake wakalichezea mpaka likawa jina la kila wasichotaka kusikia. Tangu siku hiyo kila aliyesema kweli akaitwa kwa jina la ile kweli ya kwanza. Na chini ya taarifa palikuwa na alama ya fundi, mistari mitatu mifupi na duara. Mize hakuhitaji mwanga kuitambua. Alama ileile ilikuwa imechongwa kwenye mpini wa nyundo yake, aliyoachiwa na baba, aliyeachiwa na mwalimu wake, aliyeachiwa na nani? Vidole vyake vilikumbuka karatasi ile. Vilikumbuka kalamu mbovu, wino uliomwagika, na njaa ya siku hiyo. Mimi ndiye. Si mimi. Nimeshasema haya kabla sijazaliwa. Foleni ile nimeianza mimi.

Bwana Shaame alikuwa amekaa sakafuni. Mize akamuuliza nyumba yake iko wapi. Akasema Bondeni, ya tatu kutoka ukutani, ana mke na watoto wanne.

*

Alirudi Ngazini gunia likiwa bado bichi, akalifungua, akaweka karatasi mapajani mwa Msikilizaji Mkuu. Na hapa mtu angependa kusimulia kuwa mzee yule alishtuka, akavunja kikombe, akatubu. Wapi! Aliisoma yote, pande zote mbili, bila haraka. Alielewa, maana macho yake yalikwenda dirishani, upande wa mashariki, yakakaa huko muda. Kisha akaikunja mara nne kama ilivyokuwa.

"Neno likishakua halirudi kwa waliolizaa," akamwambia. "Zamani lilimaanisha hivyo. Sasa linamaanisha ninachotaka mimi. Unaona wino wako umekauka?"

Ulikuwa umekauka. Wakati akisoma polepole namna ile, kumbe alikuwa akiusubiri. Akasema boshi, kwa sauti ya kawaida tu, akanyoosha mkono kupokea chai, na ngazi zote tisini zikacheka hadi chini, na foleni ikacheka, na bwana wa kikapu akacheka hadi akakaa.

Hasira iliyomshika Mize haikuwa ya kupiga kelele. Alishuka, akapita katikati ya vicheko, akachanganya chokaa kwenye ndoo yake, nzito, ya kupaka makaburi. Akaenda kwenye ukuta wa mashariki, ambao chokaa yake ya zamani ilikuwa imeshaota ukungu mweusi. Akapanda jukwaa lake la miti, na kwa brashi pana, kuanzia pembe moja hadi nyingine, kwa herufi zinazomzidi yeye urefu, akaandika taarifa ya fundi. Si yote. Neno la kati tu.

BOSHI.

Bondeni walitoka kutazama, wakapigana vikumbo kwa kicheko. Mwenye mihuri mitatu amejiandika mwenyewe! Amewasaidia kazi! Mize alikaa chini ya jukwaa akaosha brashi. Hakuwaambia kitu, maneno yake hayakuwa maneno.

Lakini Ngazini hawakucheka. Msikilizaji Mkuu aliliona neno kutoka dirishani, na ukimtoa Mize, katika mji mzima ni yeye na karani tu walioweza kulisoma kwa maana yake ya kwanza. Akaamuru lifutwe mara moja. Wakatumwa watu wake ishirini, wenye sare, wenye makwanguo ya chuma na nyundo ndogo za kubandulia, kwa kuwa chokaa ya mwashi mzuri haitoki kwa kitambaa. Tangu taarifa ile ya fundi hakuna mtu wa Ngazini aliyewahi kuugonga. Siku ile ukagongwa na watu ishirini kwa amri.

Bwana Shaame alikuwa amesimama kando kuwasimamia. Wa kwanza kuacha alikuwa kijana wa mwisho kulia, aliyekuwa juu ya herufi ya I. Alipiga, akasita, akasogeza sikio, akapiga tena pole. Kisha wa pembeni yake. Ile sauti ndefu ilikuwa ikitembea ndani kwa ndani chini ya herufi zote, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mmoja akaweka nyundo chini, akasema anakwenda kumchukua mwanawe shuleni. Bwana Shaame akavua koti la ukarani, akalitundika kwenye msumari wa jukwaa, akaanza kukimbia kuelekea nyumba ya tatu.

Mize akaingia kwa mama yake.

Bi Raya alikuwa amelala chali, macho yake yako kwenye paa. Mto ulikuwa pembeni. Hakuwa amejifunika masikio, kwa kuwa safari hii waliokuwa wakigonga walikuwa wa Ngazini, na ya Ngazini husikilizwa. Nyundo mbili tatu zilikuwa bado zinapiga, karibu kabisa na kichwa chake. Aliposikia hatua za Mize hakugeuka.

"Ni wao?" akauliza.

"Ni wao, mama."

Bi Raya akainua mkono, mkono wa mwanamke aliyepikia waashi miaka arobaini, akaukunja ngumi, akaugonga ukuta mwenyewe, mara moja. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Machozi yakamtoka, si ya ukuta, ya siku ile ya mto. Mize aliyajua yalikuwa ya nini, naye akayaona kuwa ni haki aliyokuwa akiidai, hakuyafuta.

"Boshi," akasema Bi Raya, polepole, bila kucheka, kama mtu anayetaja jina la maradhi. Halafu akasema, "Nibebe, mwanangu."

Mize akapiga magoti, mama akamkumbatia shingo kwa nyuma, wakatoka bila kufunga mlango. Uchochoro ulikuwa umejaa watu waliosimama wakiulizana kicheko kimekwenda wapi. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa, na ndani bado kulikuwa na watu. Mize alitaka kupita, lakini Bi Raya akamfinya bega asimame. Hakubisha hodi. Alinyoosha mkono juu ya bega la mwanawe, akaugonga ule mlango kama waashi wanavyogonga, akangoja ajibiwe.